Mizinga miwili ya kujifurahisha Charawe: nianze na mzinga gani, na nyuki nitawapata vipi?

Mkaazi wa Fuoni

Assalaam alaykum. Nataka kufuga nyuki kwa kujifurahisha tu, si biashara. Asali ya kula nyumbani na ya kuwapelekea jamaa inanitosha. Nakaa Fuoni, hapa Unguja, lakini tuna shamba la familia Charawe, kama ekari moja: minazi, mikorosho michache, na nyuma yake kichaka cha maweni kinachoshuka mpaka kwenye mikandaa (mikoko ya pwani). Kwenda naweza mara moja kwa wiki.

Fundi ananambia nitengeneze mzinga wa masanduku wenye fremu kumi kwa sababu ndio wa kisasa. Ni kweli unamfaa anayeanza? Nyuki wenyewe hununuliwa au hutegwa? Na mbona nasikia watu wengi wanalalamika kuwa nyuki waliingia, wakakaa miezi miwili mitatu, kisha mzinga ukabaki mtupu? La mwisho, naweza kuweka mmoja uwani hapa Fuoni niwe nauangalia kila siku?

Makumbi

Waalaykum salaam. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari: Fuoni usiweke. Nyuki wetu wa pwani ni wadogo wa umbo kuliko wale wa bara, lakini ukali wanao. Siku watakayovurugwa, na hata mtoto anaweza kuwavuruga kwa jiwe, wanamfuata kila aliye karibu. Mzinga ukae mita 200 au zaidi kutoka nyumba, njia, skuli na msikiti. Muhimu kuliko yote, usiwe karibu na mnyama aliyefungwa. Mtu hukimbia, ng'ombe au mbuzi wa kamba hana pa kukimbilia. Kabla ya kutundika chochote, mjulishe sheha (kiongozi wa mtaa) na majirani wenye makonde. Na ikiwa kichaka unachokisema kinaingia ndani ya mipaka ya hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, huko usitundike bila ya ruhusa ya watu wa Misitu.

Kuhusu mzinga, simkubali fundi wako. Mzinga wa masanduku ni mzuri kwa mwenye mizinga kumi, mashine ya kukamulia na mahali pa kununua vipuri. Kwa anayeanza una mitego miwili. Kwanza, fremu zake za kawaida hupangwa milimita 35 kutoka kati ya sega moja mpaka kati ya jengine, kipimo cha nyuki wa Ulaya. Wetu hujenga kwa milimita 32. Pili, karatasi za nta zinazotoka nje huwa na vyumba vya milimita 5.4 hivi, ilhali nyuki wa Afrika hujenga vya 4.8 au 4.9. Wanachanganyikiwa, wanajenga kombokombo, na wewe unashindwa kuinua fremu bila kukata sega. Na karatasi hizo kwa joto letu hulegea zikajikunja.

Anza na mzinga wa viunzi vya juu. Kila sega linaning'inia kwenye kiunzi chake, unaliinua moja moja, huhitaji mashine. Na tengeneza miwili tangu mwanzo, si mmoja. Ukiwa na mmoja hujui kama kundi ni dhaifu au msimu ndio mbaya. Ukiwa na miwili unalinganisha, na kundi moja likipoteza malkia unaweza kulipa kiunzi chenye mayai kutoka kwa jengine wakajilelea malkia mpya.

Seremala wa Wete

Naongeza vipimo, kwa sababu mizinga mingi huharibika kwenye karakana kabla hata haijaona nyuki.

Viunzi: urefu sentimita 48, upana milimita 32 kamili, unene sentimita 2. Inchi moja na robo ni milimita 31.75, hiyo inakubalika. Fundi akikwambia "inchi moja na nusu haina neno", hiyo ni 38, na nyuki watajenga masega yanayovuka kiunzi kimoja kwenda cha pili. Vikipungua chini ya 30 wanaruka viunzi. Vipimwe vyote kwa kijiti kimoja cha mfano, maana makosa ya milimita moja ukiyazidisha mara ishirini na saba unapata karibu upana wa kiunzi kizima.

Sanduku: ndani urefu sentimita 87, unaingia viunzi 27 na nafasi kidogo ya kuvisogeza. Upana wa ndani juu 44, chini 19, kina 30. Mbao za ubavuni kwa kuwa zimelala ziwe na upana wa 33 hivi. Mbao za sentimita 2. Kwa hiyo 44 ukijumlisha kuta mbili unapata 48, kiunzi kinalala sawasawa juu ya kingo. Ule mwinamo wa kuta si urembo: sega likiteremka kwa mwinamo, nyuki hawaelekei kuligandisha ukutani.

Katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, piga mfereji mwembamba wa milimita 3 na uujaze nta iliyoyeyushwa. Ndio mstari wanaoufuata kujenga. Nta usiiweke motoni moja kwa moja, hushika moto upesi. Tia kopo la nta ndani ya sufuria ya maji. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hata kuchemka maji hayahitaji.

Mlango: matundu sita hadi nane ya milimita 8 au 10, upande mmoja wa kichwa cha mzinga. Matundu makubwa yanakaribisha nondo na mijusi, na kundi dogo haliwezi kuyalinda. Plaiwudi usitumie, masika moja tu inaumuka na kubanduka. Rangi ndani hapana kabisa; nje ukitaka paka rangi nyeupe, iache mpaka harufu iishe. Misumari iwe ya kuzuia kutu kwa sababu ya upepo wa chumvi. Paa la bati peke yake hapa kwetu ni tanuri. Weka bati, kisha juu yake makuti, na baina ya bati na viunzi pawe na nafasi ya vidole vinne upepo upite.

Makumbi

Ahsante Seremala, hapo kwenye bati ndipo penye jibu la swali la kuhama.

Ndugu yangu, nyuki wetu hawahami kwa kuwa "wana roho mbaya" kama watu wanavyosema. Wanahama kwa sababu, na sababu zenyewe ni chache: chungu, joto, njaa, nondo wa nta, kufunguliwa kila mara, na mvunaji mwenye tamaa. Nyuki wa Ulaya huvumilia na kufa ndani. Wa Afrika anakusanya jamaa zake na kuondoka. Hilo ndilo utakalopambana nalo zaidi, zaidi ya kuumwa.

Chungu ni wa kwanza. Siafu wakiingia usiku mmoja, asubuhi huna kundi. Majimoto wanaoshona majani ya miembe na mikorosho nao huwanyemelea mlangoni. Usitundike mzinga juu ya mkorosho wenye viota vyao. Tundika kwa waya wa milimita 4 baina ya nguzo mbili, usawa wa kiuno, na kila waya upake girisi nzito upana wa kiganja. Kagua girisi kila wiki: vumbi na majani makavu yakigandia juu yake tayari ni daraja. Tawi moja linalogusa mzinga, au jani refu la nyasi, linaharibu kazi yote. Wengine huweka mzinga juu ya miguu minne ndani ya makopo ya oili chafu. Inafaa, lakini wakati wa masika makopo hujaa maji, oili inamwagika, kinga imekwisha. Ukitumia makopo, funika kila kopo kwa kipande cha bati kilichotobolewa kupitisha mguu.

Charawe ni maweni, kwa hiyo kuchimba shimo la nguzo ni kazi ya mtaimbo. Kama shimo halishuki nusu mita, tumia paipu za chuma ulizozijengea kwa mawe na saruji. Mzinga uliojaa asali na majana (watoto wa nyuki masegani) ni mzito, na nguzo ikilala siku ya upepo wa kusi umepoteza vyote.

Joto: kivuli cha mnazi hakitoshi, kinatembea. Tafuta mti wenye majani mengi yatakayozuia jua kuanzia saa sita mchana. Mlango usielekee kule upepo na mvua ya masika inakotokea, yaani kusini. Mbele ya mlango, mita mbili tatu, acha ua wa miti wa kimo cha mtu kuwalazimisha waruke juu.

Maji: kwenye maweni hakuna kijito, na nyuki wakikosa maji karibu watakwenda kwenye visima na ndoo za watu, hapo ndipo ugomvi na majirani unapoanza. Weka beseni mita thelathini hivi kutoka mzingani, litie makumbi ya nazi yanayoelea wapate pa kusimama. Badilisha maji kila unapokwenda, usije ukafuga na mbu.

Mchaichai

Kuhusu kuwapata: hapa hakuna haja ya kununua. Utatega. Makundi hugawanyika pale maua yanapoongezeka baada ya mvua, kwa hiyo sanduku la mtego liwe limeshatundikwa kabla maua hayajafumka, si baada ya kuwaona wamening'inia kwenye mwembe wa jirani.

Sanduku la mtego ni mzinga huohuo uliofupishwa, viunzi vitano au sita vya kipimo kilekile ili baadae uvihamishe tu. Ndani pakaa nta kongwe na gundi ya nyuki kama unayo. Kisha chukua majani mabichi ya mchaichai, yafikiche, sugua kuta na mlangoni. Harufu yake inakaribiana na ile wanayoitoa wenyewe kuitana. Rudia kila wiki mbili. Asali au sukari usitie! Unawaita chungu, na nyuki watakaokuja ni wa kulamba, si wa kuhamia. Tundika mita 3 au 4 juu, kivulini, mahali panapoonekana kutoka mbali.

Watu wengi hukosea hapa: wanaona nyuki ishirini wakizunguka mlangoni wanashangilia. Hao ni wapelelezi tu. Kundi limehamia pale utakapowaona wanaingia na chavua miguuni. Maana yake ndani kuna majana ya kulishwa. Kuanzia hapo waache wiki mbili au tatu kabla ya kuwahamisha. Ukiwagusa siku ya tatu, hawana cha kupoteza, wanaondoka.

Kuhamisha ni usiku, mlango umezibwa kwa wavu wa waya. Ikiwa mtego ulikuwa umbali wa chini ya kilomita 3 kutoka pahala papya, watenda kazi wengi wataruka asubuhi na kurudi kulekule kwa zamani. Kwa hiyo tega ama mbali kabisa, ama pale pale unapotaka mzinga ukae. Kwa mizinga miwili, mimi ningepaka chambo mizinga yenyewe na kuitundika, na pembeni nikawa na mtego mmoja wa akiba.

Mahali ulipo ni pazuri. Minazi hutoa kole jipya la maua karibu kila mwezi, haiachi kabisa. Mikorosho huchanua kipupwe. Na mikoko, hasa mchu, ina asali nyingi kwenye maua yake. Ukiuona mchu kwa macho, utaona mwenyewe umejaa nyuki.

Mkaazi wa Fuoni

Nashukuruni sana, nimefaidika. Basi nitafanya viunzi vya juu. Nieleze na hili: nikienda kila wiki nifungue kila wiki? Na kuvuna kukoje? Nyumbani tuna mtoto wa miezi saba, na mama watoto ana wasiwasi juu ya sumu ya nyuki.

Makumbi

Kwenda kila wiki ni kwa ajili ya girisi, maji na kukata nyasi. Kufungua, mara moja kila wiki tatu au nne inatosha, na si zaidi ya dakika kumi na tano. Kutoka nje unajua mengi: chavua inaingia, basi ni sawa; vipande vya nta na uzi kama wa buibui chini ya mlango, basi nondo wameshaingia; nyuki wengi wamejazana nje ya mlango jioni, basi ni joto, au nafasi imekwisha.

Ukifungua, nenda saa kumi na moja jioni ili giza likukute unamaliza. Washa bomba la moshi kwa makumbi makavu, si matambara yenye mafuta wala plastiki. Pumzi tatu nne mlangoni, subiri dakika mbili. Kuna anayeanza anayedhani moshi mwingi ni bora, kumbe unawaunguza na kuwafanya wakali. Anzia nyuma, mbali na mlango, kwa sababu majana hukaa karibu na mlango na asali nyuma. Toa kiunzi cha mwisho kitupu, upate nafasi ya kusogeza vyengine. Sega jipya likamate wima daima. Ukililaza ubavu kulitazama chini yake, kwa joto hili litakatika na kukuangukia miguuni na nyuki wake.

Kundi likiwa dogo, tia ubao wa kizuizi kuwapunguzia chumba. Masega yasiyo na nyuki juu yake ndiyo anayoyataka nondo. Mbawakawa wadogo weusi nao ni vivyo hivyo. Asali ikianza kuchuruzika na kunuka kama chungwa bovu, hao ndio waliofanya, sega hilo litoe ulizike.

Masika ikiwa ndefu, nyuki hawatoki na chakula kinakwisha. Sukari kilo moja kwa lita moja ya maji, ndani ya mzinga, jioni, na vijiti vya kusimamia wasizame. Nje usiweke, unaalika nyuki wa kila mtaa kuja kupora. Maua yakirudi acha mara moja, la sivyo utavuna sukari yako mwenyewe ukaiita asali.

Nta Safi

Sina la kuongeza kwenye mzinga. Naongeza la kuvuna na la sumu.

Sumu kwanza. Kuumwa mara moja mbili, kuvimba pahala pale na kuwasha ni kawaida. Mwiba ukwangue kwa ukucha upesi, kila unapokaa unazidi kusukuma sumu. Harufu ya mwiba huwaita wengine na inafanana na ndizi mbivu, kwa hiyo fukiza moshi pale ulipoumwa, na ndizi usile kabla ya kwenda mzingani. Akiumwa mtu kisha akapata vipele mwili mzima, uso au ulimi ukavimba, au pumzi ikabana, hilo ni la hospitali saa ileile, si la kupaka kitunguu. Kwa hiyo usiende peke yako, na mwenzako awe na simu na chombo cha kuondokea. Nguo nyeupe au za rangi hafifu, tabaka mbili, kofia ya wavu isiyogusa uso, suruali ndani ya mabuti, glavu. Tochi iwe na mwanga mwekundu, hawauoni.

Mtoto wa miezi saba: asali asipewe kabisa mpaka atimize mwaka, hata ya kumlambisha. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvizuia.

Kuvuna: chukua masega ambayo angalau robo tatu ya vyumba vimefunikwa nta. Yasiyofunikwa bado yana maji mengi, na hewa yetu ina unyevu, asali hiyo itachacha ndani ya chupa. Kipimo ni maji chini ya asilimia 20. Kata sega, uache ukingo wa sentimita moja kwenye kiunzi waanze tena hapo. Yenye majana usiguse. Waachie masega matano au zaidi ya asali, hasa masika inapokaribia. Anayesafisha mzinga mzima anavuna mara moja tu.

Ponda kwa mikono safi mikavu, chuja kwa kitambaa ndani ya ndoo ya plastiki ya chakula, mchana huohuo, na uifunike. Asali iliyoachwa wazi usiku kucha inavuta unyevu. Usiichemshe. Debe lenye kutu au bati la zingi halifai, asali ina asidi. Makapi yaoshe kwa maji ya mvua, yayeyushe, chuja kwa gunia, nta itaganda juu.

Kwa wenzetu wa Pemba wanaosoma: msitegemee mikarafuu kama mnavyodhani. Karafuu huchumwa ikiwa bado haijachanua, na likichumwa tumba nyuki hana chake. Kinachobaki ni yale yaliyowapita wachumaji. Tena msimu wa kuchuma usiwe na mzinga ndani ya shamba. Mchumaji aliye juu ya mkarafuu akivamiwa na nyuki ataanguka.

Na wale wanaonyunyizia dawa tungule na matikiti, zungumza nao wapige magharibi, nyuki wakiwa wamerudi.

Mchaichai

Na kama bado una hamu ya kuwa na kitu Fuoni, kuna nyuki wadogo wasiouma, wale weusi wenye kimlango kama mrija wa nta. Sanduku lao ni dogo, lita tano hadi nane linatosha, linatundikwa hata barazani. Usitarajie wingi; asali yao haifiki ya mzinga mmoja mzuri wa nyuki wakubwa, ni nyepesi, ina uchachu, na kwa kuwa maji yake ni mengi hukaa kwenye friji. Ukilihamisha kundi kutoka kwenye gogo, majana yaweke wima kama yalivyokuwa, na vijichungu vya asali visipasuke ndani ya sanduku, maana nzi wadogo watataga humo na kundi halitapona. Siku tatu za mwanzo ziba nyufa zote kwa utepe, acha mlango tu.